HAMIRA INAYOLINDA ZABIBU: MAMBO YA KUJUA KABLA YA KUTOA PESA

Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia

Asanteni kwa chai, na asanteni kwa kutuweka chini ya mti huu badala ya kutufungia ndani ya darasa lenye joto.

Vikundi viwili vimetuletea swali lile lile, ndiyo sababu tumekuja. Wengi wenu mmepanda mizabibu. Wengine wana mistari miwili mitatu, wengine wana mmoja tu uliotambaa juu ya paa la jikoni. Mvua ikinyesha wakati zabibu zinaiva, vishada vinaota kitu kama vumbi la kijivu, na baada ya wiki moja hakuna cha kuuza. Sasa amepita mtu akiwaambia ati huko Ulaya siku hizi hawanyunyizii dawa za sumu, wananyunyizia hamira, na yeye anayo hamira hiyo kwenye pakiti, kwa hivyo kikundi kizima kichange pesa awaletee. Mtunza hazina wa kikundi kimoja alikataa kufungua sanduku mpaka aulize. Tunampongeza mama huyo.

Jibu letu lina pande mbili, na tunawaomba msichukue upande mmoja mkaacha ule mwingine. Ni kweli kabisa kwamba kuna hamira zinazozuia kuvu ya zabibu. Si kweli kwamba hamira yoyote, ukiikoroga tu na maji, itafanya kazi hiyo. Tulieni basi tueleze polepole.

KUVU YENYEWE NI IPI?

Mzabibu una magonjwa mengi ambayo watu huyaita ukungu kwa jina moja. Ukiona unga mweupe juu ya majani na matunda machanga, huo ni ubwiri unga, na una dawa yake, salfa. Leo hatuongei juu ya huo. Tunaongea juu ya kuvu mbili zinazooza tunda lenyewe.

Ya kwanza ni ile ya kijivu. Wataalamu wanaiita Botrytis cinerea. Ndiyo hiyo hiyo inayooza stroberi na nyanya zilizopandwa ndani ya nyumba za plastiki. Vijana wenu waliofanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Naivasha wanaijua sana, kwa maana waridi likipata madoa yake, sanduku zima hukataliwa. Kuvu hii ina ujanja wake. Inaweza kuingia wakati mzabibu uko kwenye maua, ikanyamaza ndani ya tunda changa bila kuonekana, ikingoja. Tunda likianza kuwa tamu na ganda likilainika, inaamka. Inapenda unyevu, nayo haiogopi baridi. Hata kwenye friji inaendelea kukua, polepole tu. Zabibu moja iliyooza hutoa mbegu kama moshi, na upepo hubeba mpaka kishada cha jirani.

Ya pili ni nyeusi, kama masizi ya sufuria. Jina lake ni Aspergillus carbonarius. Hii inapenda joto. Inaishi kwenye udongo, inapeperushwa mpaka kwenye matunda, na inangoja mlango: zabibu iliyopasuka kwa mvua, iliyodonolewa na ndege, au iliyotobolewa na mdudu. Ubaya wake mkubwa si kuoza. Ubaya wake ni sumu inayoitwa okratoksini A. Sumu hii huharibu figo, na mwaka wa 1993 shirika la kimataifa linalochunguza saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta saratani kwa binadamu. Ukikamua zabibu zenye kuvu hiyo, sumu inaingia kwenye maji ya matunda. Ukizikausha, inabaki kwenye zabibu kavu. Wachunguzi kule Uswisi waliandika mwaka wa 1996 kwamba wameikuta ndani ya divai, na tangu mwaka wa 2005 nchi za Ulaya haziruhusu divai yenye zaidi ya mikrogramu 2 kwa kila kilo. Mikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni. Mwone basi ni kitu kidogo namna gani kinachoogopwa.

Hapa kina mama tusikilizane. Desturi yetu tunaijua: zabibu nzuri zinaenda sokoni, zilizopasuka wanapewa watoto. Kwa hivyo yule anayekula hatari ni mtoto. Hiyo ndiyo sababu hatukutaka swali hili lijibiwe kwa barua.

Mtatuuliza, kwa nini watu wasipige dawa tu? Wanapiga. Lakini kuvu ya kijivu inazoea dawa haraka kuliko karibu kila kuvu nyingine ya mimea. Katika miaka ya 1970 ya mwanzo, dawa ya benomili ilipotumika sana kwenye mashamba ya mizabibu ya Ulaya, haikuchukua miaka mingi kabla ya kuvu kuonekana inaishi tu kana kwamba imepigwa maji. Dawa zilizofuata zikapatwa na mambo yale yale. Tena zabibu huliwa na ganda lake, hatuimenyi kama ndizi, na ugonjwa huu huja karibu na kuvuna, wakati ambapo dawa nyingi haziruhusiwi tena kwa sababu hakuna siku za kutosha za kungoja iishe makali. Ndipo wataalamu wakaanza kutafuta njia nyingine.

HAMIRA INATOKA WAPI?

Hamira nayo ni aina ya kuvu. Ndiyo, msishangae. Ni kuvu ndogo sana ya chembe moja moja, ambayo huioni mpaka uitazame kwa hadubini. Kwa hivyo habari hii yote ni ya kuvu kupigana na kuvu.

Wazee wetu wa Ukambani na Ukikuyuni walijua kwamba lile tunda la muratina lililokaushwa lina kitu ndani yake. Lilitiwa kwenye maji ya asali au ya miwa, likachachusha, kisha likaanikwa juani, likatunzwa na kutumiwa tena mara nyingi. Kitu hicho kilichojificha ndani ya nyuzi zake ni hamira. (Tafadhali, hatukuja kufundisha upishi wa pombe. Mwenyekiti ameanza kutuangalia kwa jicho kali.)

Kwenye zabibu hamira huja yenyewe. Aliyeonyesha jambo hili wazi ni Louis Pasteur, yule Mfaransa ambaye jina lake tunalitumia mpaka leo tunaposema maziwa yamepasturishwa. Mwaka wa 1878, kule kwao Arbois, alijenga nyumba za vioo juu ya sehemu ya shamba la mizabibu mapema, zabibu zikiwa bado changa. Vishada vingine akavifunga kwa pamba iliyopikwa kwa joto. Vuli ilipofika akazikamua zile zabibu. Maji ya zabibu zilizokaa nje yalichachuka kama kawaida. Maji ya zabibu zilizofunikwa hayakuchachuka. Kisha akachukua vishada kutoka ndani ya vioo, akavitundika nje kwenye mizabibu ya kawaida, navyo vikapata nguvu ya kuchachua. Kwa hivyo hamira haizaliwi ndani ya tunda. Inafika kutoka nje, na inakaa juu ya ganda.

Wataalamu wamehesabu wakazi wa ganda hilo. Wanaoonekana mara nyingi ni hamira za mwitu kama Hanseniaspora uvarum na Metschnikowia pulcherrima, pamoja na kuvu moja inayofanana na hamira iitwayo Aureobasidium pullulans. Hamira halisi ya divai na mkate, Saccharomyces cerevisiae, ni mgeni huko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba katika zabibu elfu moja zisizo na kidonda, ni moja tu hivi iliyokuwa nayo. Lakini katika zabibu zilizojeruhiwa ilipatikana karibu moja kwa kila nne. Nani aliyeipeleka penye kidonda? Wadudu. Mwaka wa 2012 wachunguzi wa Italia walionyesha kwamba nyigu hubeba hamira hii tumboni, wanapita nayo majira ya baridi, na kuwalisha watoto wao. Kwa hivyo mlango ule ule unaotumiwa na kuvu nyeusi, yaani kidonda cha zabibu, hamira pia inautumia. Vita vyote viko mlangoni hapo.

INAPIGANA NAMNA GANI?

Silaha yake ya kwanza ni ulafi. Zabibu ikipasuka, sukari inatoka, na atakayefika kwanza ndiye atakayekula. Mbegu ya kuvu inahitaji saa nyingi kuota na kutoa uzi wake. Hamira penye sukari huzaa chembe mpya kila baada ya saa mbili hivi. Kama ilikuwa tayari pale kwa wingi, kuvu inapoamka inakuta meza imeshasafishwa. Ni kama harusi yetu ya kijijini: ukifika saa kumi jioni, usimlaumu mtu.

Ya pili inatupendeza zaidi. Kuvu, kama sisi, inahitaji madini ya chuma. Bila chuma, mbegu yake haioti vizuri. Ile hamira ya Metschnikowia hutoa kitu kinachokamata chuma kilicho karibu na kukigeuza kuwa rangi nyekundu iliyoiva, hivi kwamba kuvu haiwezi kukichukua tena. Ukiikuza hamira hiyo kwenye sahani ya maabara yenye chuma utaona wekundu huo kwa macho. Wataalamu wakiongeza chuma kingi kwenye sahani, kuvu inaweza kuota tena, na hapo ndipo walipohakikisha kwamba shida ilikuwa ni chuma.

Ziko na nyingine. Kuna hamira zinazojigandamiza kwenye nyuzi za kuvu na kutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ukuta wake. Jambo hilo lilionekana kwa hadubini miaka ya 1990 ya mwanzo. Kuna zinazotoa harufu ambayo kuvu haiivumilii. Na kuna hamira za divai zinazotoa sumu ya kuua hamira wenzao, iliyogunduliwa mwaka wa 1963. Watu huitaja sana hii ya mwisho kwa sababu jina lake linatisha, wanasema hamira muuaji, lakini kwa maoni yetu ndiyo yenye faida ndogo kwa mkulima, kwa sababu sumu nyingi za namna hiyo hulenga hamira nyingine, si kuvu ya kijivu.

Tusisahau kazi moja inayofanyika baada ya kuvuna. Ukuta wa chembe ya hamira ya divai unanasa okratoksini A, kama sponji, hata chembe hiyo ikiwa imekufa. Kwa sababu hiyo divai inapochachuka na machicha ya hamira kutua chini na kuondolewa, sehemu ya sumu huondoka nayo. Ni sehemu tu, haiondoki yote. Asitokee mtu hapa akasema zabibu zenye kuvu nyeusi zinafaa kutengenezewa divai kwa sababu hamira itasafisha.

WALIOKWISHA KUTENGENEZA

Watu wamefanya biashara ya jambo hili. Mwaka wa 1995 Marekani iliandikisha dawa iitwayo Aspire, iliyotengenezwa kwa hamira ya Candida oleophila, ya kulinda machungwa na matufaha baada ya kuvunwa. Haikukaa sana sokoni, kwa maana matokeo yake yalibadilika badilika. Kule Israeli waliichukua hamira moja kutoka kwenye zabibu za mezani, wakaipa jina Metschnikowia fructicola mwaka wa 2001, na kutoka kwake ikatengenezwa dawa iliyoitwa Shemer. Ulaya wanayo Botector, ambayo ndani yake mna Aureobasidium pullulans, nayo hunyunyiziwa mizabibu dhidi ya kuvu ya kijivu. Hata hamira ya divai na mkate yenyewe imeingia: mwaka wa 2015 Umoja wa Ulaya ulikubali dawa inayotokana na kuta za chembe zake, ambayo haiuwi kuvu bali inauamsha mmea ujilinde, na mwaka wa 2016 ukakubali aina moja ya hamira hai inayoitwa LAS02.

Angalieni neno hilo, aina moja. Haikusemwa Saccharomyces yoyote. Ilisemwa LAS02. Ng'ombe wote ni ng'ombe, lakini ukitaka maziwa huendi kununua fahali. Wachunguzi hujaribu mamia ya hamira ili wapate mbili tatu zenye nguvu, na hamira ya mkate iliyo kwenye pakiti dukani ilichaguliwa kwa kazi moja tu, kuumua unga. Hakuna aliyeichagua kwa kupigana na kuvu juu ya zabibu kwenye jua.

Tena kuna hesabu. Katika majaribio mengi hamira hutiwa chembe milioni 10 mpaka milioni 100 kwa kila mililita ya maji. Ikiwa chache, kuvu inashinda. Hamira iliyokaa miezi kwenye pakiti iliyofunguliwa, kwenye mfuko wa mtu anayezunguka na baiskeli juani, hatujui ni ngapi zilizo hai, naye hajui.

Na hata hamira iliyo bora ina mipaka. Lazima ifike kabla ya kuvu. Kishada kikishakuwa cha kijivu, hakuna hamira itakayokirudisha. Jua kali na ukavu huipunguza. Dawa nyingi za kuua kuvu huiua pia, kwa hivyo huwezi kuchanganya tu kwenye pampu moja. Na hamira za mwitu si zote rafiki. Pale ambapo zabibu zimepasuka na nzi wadogo wa matunda wamejaa, hamira hutengeneza pombe, bakteria huigeuza kuwa siki, na kishada chote kinanuka siki na kuvuja. Huo ni ugonjwa kamili, na hamira ni mmoja wa washirika wake. Sasa mtu akinyunyizia hamira ya mkate kwenye vishada vilivyopasuka, kwa maoni yetu anaweza kuwa anawapikia nzi chakula.

JIRANI ZETU WA DODOMA, NA MAHINDI YETU

Anayetaka kuona zabibu nyingi karibu nasi aende Dodoma, Tanzania. Huko wamisionari wa Katoliki wa Bihawana walipanda mizabibu katikati ya karne iliyopita, na leo ni zao la wakulima wadogo, na kuna kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora. Wanavuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza hukutana na mvua, ya pili yako kwenye kiangazi. Hata kabla ya kutaja dawa yoyote, mwaweza kukisia ni mavuno yapi yanayopata shida ya kuoza. Funzo kwetu ni kupogoa kwa wakati, ili zabibu ziive wakati wa ukavu. Mzabibu katika nchi zetu za joto hauna majira ya baridi ya kuuamuru. Unafuata mkasi wako. Ukihesabu tangu siku ya kupogoa mpaka kuiva, kwa kawaida miezi minne hivi au zaidi kidogo kulingana na aina na baridi ya mahali, waweza kuchagua mwezi wa kuvuna.

Mzee mmoja alinong'ona hapa mbele kwamba haya ya zabibu ni ya matajiri, sisi tunakula mahindi. Mzee, tulikuwa tunakuja huko. Mwaka wa 2004 katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu ya mahindi, aflatoksini, na 125 kati yao walikufa. Wengine wenu mlizika. Kuvu hiyo, Aspergillus flavus, ni ndugu wa ile nyeusi ya zabibu. Na njia iliyopatikana ni ya wazo lile lile tulilokuwa tukieleza: kumtangulia mbaya kwa kumweka mwema mahali pake. Aflasafe KE01, iliyoandikishwa hapa Kenya mwaka wa 2015, si hamira. Ni kuvu ya Aspergillus flavus yenyewe, aina nne za hapa hapa Kenya ambazo kwa asili yake haziwezi kutengeneza sumu. Zinabebwa juu ya punje za mtama zilizouawa zisiote. Mkulima hurusha kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu nzuri inaota, inajaa shambani, na ile yenye sumu inakosa nafasi.

Kwa hivyo msiseme jambo hili ni la mbali. Kwa mahindi liko tayari, limeandikishwa, na bei yake mwaweza kuuliza kituo cha KALRO cha Katumani, Machakos. Kama kikundi kina pesa za kuchanga msimu huu na wengi wenu mnalima mahindi, sisi tungeanzia hapo kabla ya zabibu.

MLIYOULIZA

Tuliulizwa: je, yule mwenye pakiti ni mwongo? Hatumjui, hatutamhukumu. Lakini katika Kenya dawa yoyote ya kuzuia ugonjwa wa mimea, hata ikiwa ni kiumbe hai, ni lazima iandikishwe na bodi ya PCPB, na kibandiko chake kiwe na namba ya kuandikishwa, jina la zao, jina la ugonjwa, na tarehe ya kuisha. Mwambieni alete kibandiko. Asipokuwa nacho, mazungumzo yamekwisha. Akiwa nacho, mwambieni awape kidogo ya kujaribu kabla ya kununua. Chagueni mstari mmoja. Nyunyizeni kishada kimoja, kinachofuata msikinyunyizie, kingine nyunyizeni, mpaka vifike ishirini na ishirini. Vilivyonyunyiziwa vifungwe uzi mwekundu. Msitenge upande mmoja wa shamba kwa dawa na upande mwingine bila dawa, kwa maana upande mmoja unaweza kuwa na upepo zaidi, halafu mtaisifu dawa kwa kazi ya upepo. Wakati wa kuvuna, mtu ambaye hakunyunyizia ndiye ahesabu vilivyooza.

Mama mmoja aliuliza afanye nini sasa hivi, kabla ya dawa yoyote. Aondoe majani yanayofunika vishada, hasa upande unaopata jua la asubuhi, ili umande ukauke mapema. Kazi hiyo haigharimu kitu na inasaidia sana, kwa maana kuvu ya kijivu bila unyevu ni kama samaki nchi kavu. Zabibu kavu za msimu uliopita zilizobaki zikining'inia juu ya mti aziokote zote na kuzichoma, ndizo nyumba ya kuvu. Asimwagilie maji kutoka juu. Ubwiri unga autibu mapema kwa salfa, kwa sababu tunda lililopata ubwiri hupasuka likikua, na likipasuka tunajua nani anangoja. Ndege awazuie kwa chandarua, hata kile kikuukuu kilichotoboka kikishonwa. Na siku ya kuvuna aje na makopo mawili, moja la zabibu nzima na moja la zilizopasuka au kuota, na hilo la pili lizikwe shimoni, lisifike jikoni.

Mzee mwingine aliuliza kama kuna ubaya kuacha hamira za mwitu zikae kwenye zabibu, au azioshe. Aziache. Ule unga mweupe mwembamba juu ya zabibu, unaofutika kwa kidole, si hamira kama wengi wanavyodhani, ni nta ya tunda lenyewe, na ni kinga. Zabibu za kuuza zisioshwe, zitaoza upesi. Aoshe anayekula.

Swali la mwisho lilitoka kwa kikundi kinachokausha zabibu za kuuza mijini. Wanazianika juu ya magunia chini. Tuliwaambia wazinyanyue. Udongo ndio makao ya kuvu nyeusi, na zabibu inayokauka polepole chini, usiku ikipata umande, iko mahali pale pale panapopendwa nayo. Tengenezeni vitanda vya waya au vya matete, vifike urefu wa kiuno, zabibu zitandazwe safu moja tu, na jioni mfunike kwa plastiki iliyoinuliwa isiguse matunda. Zilizopasuka zitolewe kabla ya kuanika, si baada, kwa maana zikishakauka zote zinafanana. Wanunuzi wanaopeleka Ulaya wanapimiwa huko okratoksini, na mpaka wa zabibu kavu ni mikrogramu 8 kwa kilo; mzigo ukizidi hapo haupiti. Vitanda vya matete mnavyoweza kujenga wenyewe kwa siku mbili. Waya ukikosekana, nyavu za kuvulia zilizochakaa zinafaa, mradi zioshwe na kukaushwa kwanza.